Nafasi ya Kumi na Nne

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa namimina chai, na mimi chai ya saa nne sijawahi kuichelewesha.

Nchi yenyewe sitaitaja. Kuitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, kibali kinaombwa kwa barua pepe, na habari za barua pepe ndizo hizi ninazotaka kuwaeleza. Ninyi jueni tu kwamba ni nchi nzuri, ina amani, ina wimbo mrefu, na hakuna mtu anayeketi kabla hajajua anaketi nyuma ya nani.

Mimi naitwa Chande. Shule niliishia darasa la nne. Ni mhudumu katika Wizara ya Barua na Mfuatano, ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho, kwenye harufu ya tangawizi. Mawaziri tisa wamepita, birika ni lile lile. Kwa hiyo nikiwasema wakubwa, nawasema kama mtu anayejua nani anatia vijiko vinne vya sukari halafu anakwenda kuhutubia juu ya afya.

Asubuhi hiyo kikao kiliitishwa na Mkurugenzi wa Itifaki, Mheshimiwa Balozi Mstaafu Mkongoti. Bwana huyu alikuwa hawezi kupiga chafya bila kuanza na "Mheshimiwa Mgeni Rasmi". Akifungua mlango wa choo alikuwa anapisha kwanza, hata kama hakuna mtu. Ajenda ilikuwa moja tu: vichujio.

Niwaeleze. Wizara ina sanduku moja la barua pepe kwa nchi nzima. Ukizaa, ukiumwa, ukitaka kuhamisha kaburi, unaandika huko. Simu za kiserikali zilipigwa marufuku, maana simu haina mfuatano: mtu yeyote anaweza kupiga akasikika kabla ya mkubwa wake. Barua ikiingia kwenye sanduku inakutana na vichujio kumi na vinne, kimoja baada ya kingine, na kila kichujio kina neno lake kinalolivizia. Kikiliona, kinaikamata barua, kinaitia kwenye kapu lake, na safari inaishia hapo. Vichujio vya nyuma havitaijua barua hiyo mpaka kiyama.

Aliyenifundisha haya ni Bi Tumpe, fundi wa mitambo, mwanamke wa maneno machache anayekunywa chai ya rangi bila sukari. Nilimwelewa upesi kuliko wakubwa. Jikoni kwangu nina vichujio viwili, kimoja cha matundu makubwa cha kuzuia tangawizi, kingine cha matundu madogo cha kuzuia majani. Ukianza na cha matundu madogo, tangawizi inaziba, chai haishuki, na wageni wanabaki wanatazama vikombe vitupu. Hilo halihitaji cheti.

Mpaka saa nne ya siku ile, kichujio cha kwanza kilikuwa Dharura. Tumpe ndiye aliyekiweka pale. Barua yenye maneno "mgonjwa mahututi" ilikuwa inakamatwa na Dharura mlangoni tu, inarushwa kwa daktari wa zamu, na kibali cha kumhamisha mgonjwa kinatoka kabla chai haijapoa. Na bila kibali hicho, katika nchi yetu, mgonjwa havuki geti la hospitali ya wilaya hata akiwa mikononi mwa malaika.

Bwana Mkongoti aliitazama orodha iliyoangazwa ukutani. Akauliza huyu Dharura ana umri gani. Tumpe akamjibu, miaka miwili. Akauliza, na Pongezi kwa Mkuu wa Nchi? Tumpe akasema hicho ndicho kichujio cha kwanza kuundwa. Bwana Mkongoti akavua miwani, akaifuta taratibu, kama mtu aliyemkuta mpita njia amekalia kiti cha bibi harusi.

"Yaani Mkuu wa Nchi anapongezwa," alisema, "na pongezi zake zimesimama mlangoni zinapisha watu wanaoharisha?"

Kikao kizima kiliinamisha vichwa kwa aibu. Mmoja alianza kulia, akapandishwa cheo wiki iliyofuata.

Basi vichujio vikapangwa upya kama wageni wa meza kuu. Pongezi nafasi ya kwanza. Waheshimiwa ya pili, ili barua yoyote yenye neno "Mheshimiwa" imfikie waziri mwenyewe bila kuguswa na upepo. Wakafuata Mabalozi, Salamu za Sikukuu, Mialiko, na ndugu zao. Maombi, kwa sababu ya uzee wake, alipewa ya saba. Dharura, mdogo kuliko wote na asiye na mtu wa kumsemea, akapelekwa ya kumi na nne, nyuma hata ya kichujio cha Usumbufu.

Tumpe alijaribu. Alisema watu wengi wakiandika habari za mgonjwa huanza na "tunaomba", kwa hiyo Maombi atazikamata barua hizo kabla hazijamfikia Dharura, na kapu la Maombi linaitwa Wakati Muafaka, na halijafunguliwa tangu liwekwe. Bwana Mkongoti akamtazama kwa huruma ya baba.

"Binti yangu," akamwambia, "dharura yenye adabu hungoja."

Halafu akanigeukia mimi na birika langu. "Mzee Chande, wewe ndiye mwananchi humu ndani. Unaonaje?"

Wakacheka. Kumuuliza mleta chai ulikuwa mzaha wake wa kila kikao. Na mimi, kwa kuwa nimezoea kuchekesha wakubwa ili siku iishe, nikasema, "Itifaki ni itifaki, Mheshimiwa."

Walipiga makofi. Kwenye muhtasari wakaandika: wananchi waliafiki. Tumpe akabonyeza.

*

Sasa mke wangu.

Mke wangu aliitwa Siwema. Alikuwa anapika vitumbua kwenye kona ya mtaa wetu, na alikuwa na tabia ya kunisahihisha katikati ya hadithi, mbele za watu. Asubuhi ya Jumanne hiyo hiyo uvimbe uliokuwa tumboni mwake ulipasuka. Jirani akamkimbiza hospitali ya wilaya. Daktari wa pale alisema anahitaji kupasuliwa kwenye hospitali kubwa, leo, si kesho. Gari la wagonjwa likawashwa. Muuguzi akaketi kuandika barua.

Nilipofika, gari lilikuwa bado linanguruma na mlinzi ameegemea kizuizi. Nikamwomba muuguzi anisomee alichoandika. Alikuwa dada mwenye malezi mazuri. Akasoma: "Tunaomba kibali cha kumhamisha mgonjwa mahututi..." Barua ilitumwa saa tano kasoro robo.

Tunaomba. Neno la Maombi lile, ndugu zangu. Yule dada angekuwa hana adabu, angeandika tu "leteni kibali, mgonjwa mahututi", leo Siwema angekuwa anageuza vitumbua.

Nikamsihi aandike nyingine, aondoe neno lile. Akanionyesha waraka ukutani: mgonjwa mmoja barua moja, ya pili ni usumbufu. Na kweli, kulikuwa na kichujio cha Usumbufu, nafasi ya kumi na tatu, na mimi mwenyewe nilikuwepo kilipopewa kiti. Chini ya waraka kulikuwa na sahihi ya Mkongoti na maneno kwa wino mzito: hakuna ruhusa ya mdomo, hata awe nani.

Siku ya pili Siwema alinivuta shati. "Chande," akasema, "hao unaowamiminia chai wanakujua jina?"

"Wananijua."

"Basi si uwaambie."

Nikaenda. Bwana Mkongoti alikuwa ukumbini, anapima kwa utepe umbali kati ya kiti na kiti. Nilimweleza nimesimama mguu upande. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akasema akimsaidia mke wa mhudumu kwa mdomo, kesho mke wa dereva atataka, na keshokutwa nchi itakuwa soko. Akaniambia nirudi nikangoje jibu. Akaniomba nikipita jikoni nimwachie chai.

Nikamwachia. Hilo nalo sisahau. Nilimwachia chai, na vijiko vyake vitatu.

Siwema alifariki Alhamisi, saa tisa alasiri. Gari la wagonjwa lilizimwa saa kumi, likiwa limenguruma siku tatu bila kusogea hatua.

*

Niliporudi kazini baada ya matanga, nilikuta sherehe. Vichujio vilikuwa vinapewa nafasi zao rasmi.

Hema lilipigwa uwanjani. Viti kumi na vinne viliwekwa mbele, vitupu, kila kimoja na kibao cha jina. Cha Pongezi kilikuwa cha enzi, kimevikwa kitambaa chekundu. Cha Waheshimiwa kilikuwa na feni yake. Cha Maombi kilikuwa sofa ya mtu mmoja. Vikiendelea kurudi nyuma vilikuwa vinapungua miguu, mpaka kiti cha Dharura, kiti cha plastiki nyuma ya nguzo, kimetegemezwa na tofali.

Bwana Mkongoti aliwatambulisha wote kumi na wanne, kila mmoja kwa wadhifa wake, na kwa kila jina tulisimama, tukapiga makofi, tukaketi. Hewa ilipongezwa. Nilipewa sinia niwapelekee vinywaji vichujio, kwa mfuatano. Nikaweka chupa ya maji mbele ya kila kiti kitupu. Nilipofika nyuma ya nguzo chupa zilikuwa zimekwisha.

"Itifaki imezingatiwa," akasema Bwana Mkongoti, na bendi ikapiga.

Siku ya arobaini ya Siwema, tukiwa tunasoma dua nyumbani, jirani ambaye muuguzi alikuwa ameandika anwani yake aliniletea simu. Jibu lilikuwa limefika. Serikali yetu hujibu baada ya siku arobaini kamili, kwa sababu jibu la haraka ni dalili ya serikali isiyo na kazi. Lilisema hivi: "Ndugu Siwema, barua yako imepokelewa na kupangwa kwa heshima zote. Utajibiwa kwa wakati muafaka. Unaombwa kuwa mtulivu."

Alikuwa mtulivu. Tangu Alhamisi ile hakuwa amesema neno.

Kesho yake nilikwenda na simu ile kwa Bwana Mkongoti. Niliiweka mezani pamoja na kikombe. Akaisoma. Akaniambia pole, akasimama kabisa kuisema ile pole. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mke wangu aliuawa kwenye kikao kile."

"Hakuna aliyemuua mkeo, Mzee Chande," akanijibu. "Sisi tulipanga mfuatano tu."

Nikachukua sinia nikatoka. Nikiwa koridoni niliamua kwamba bwana yule atangoja foleni ile ile. Sikuwa na hasira. Hasira ni ya watu wenye haraka.

*

Mwezi wa sita, Tumpe aliingia jikoni, akafunga mlango, akaketi juu ya kreti la soda. Aliniambia hapati usingizi tangu ile Jumanne. Akasema yeye hawezi kubadili mfuatano, maana kila agizo linalotoka kwenye mashine yake lina jina lake, na ana mama mgonjwa na kazi moja tu. Lakini kompyuta ya mapokezi, ile ya wageni kujiandikisha, haina mwenyewe.

Kisha akanifundisha. Kampuni inayotutunzia sanduku iko ng'ambo, na ina mlango wake wa kupokea maagizo ya mashine, mlango unaoitwa API. Pale humkuti mtu wa kumwamkia. Unataja ufunguo, unataja sanduku, halafu unavitaja vichujio kwa mfuatano unaoutaka, cha kwanza fulani, cha pili fulani, mpaka cha mwisho. Unabonyeza. Kule vinahama viti papo hapo. Hakuna anayeuliza sababu wala anayepiga bendi.

Nikauliza ufunguo uko wapi. Tumpe akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Ufunguo ulikuwa mapokezi, ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu. Herufi na tarakimu thelathini na mbili. Bwana Mkongoti alikuwa amesikia kwamba ndio ufunguo wa sanduku la taifa, akaona ni fedheha kitu kikubwa hivyo kukaa kwenye droo ya fundi. Akaamuru uandikwe kwa hati nzuri na kutundikwa chini ya picha ya Mkuu wa Nchi. Na fremu hiyo nilikuwa naifuta vumbi mimi, kila asubuhi, kwa kitambaa cha jikoni.

Tumpe akaniandikia maneno ya agizo kwenye pakiti tupu ya majani ya chai. Akasimama. "Dharura akipanda," akasema, "mimi sitakuwa nimeona kitu, Mzee."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Wiki hiyo hiyo nilikaa mbele ya kompyuta ya mapokezi, dada wa mapokezi alipokwenda kupata chapati. Niliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele. Nafasi ya kwanza nikaandika Dharura. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Ndipo nikamsikia Bwana Mkongoti koridoni akicheka kicheko chake cha hatua tatu, na akili ikaniingia. Nikibonyeza leo, kesho watagundua mfuatano umehama, watabadili ufunguo, na fremu itashuka. Nilikuwa na jiwe moja tu. Jiwe moja hulirushi kwenye kichaka.

Nikafuta nilichoandika, herufi moja moja. Nikarudi jikoni.

Huku nikingoja, sikukaa bure. Bwana Mkongoti alianza kuletewa kikombe chenye ufa, upande wa midomo. Akawa anapata chai ya mwisho kutoka birikani, ile yenye majani. Akiuliza, namwambia imepitia vichujio vyote, Mheshimiwa, kwa mfuatano. Anakunywa.

Miezi ikapita. Mara kwa mara Tumpe alichungulia jikoni, akaniuliza kwa macho. Nami nikamjibu kwa macho: bado. Wilayani magari ya wagonjwa yalikuwa yananguruma. Niliyasikia yakitajwa redioni, kwamba nchi yetu sasa inaongoza kwa magari ya wagonjwa yasiyopata ajali.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa kumi na moja. Bwana Mkongoti alikuwa amekwenda wilayani kufungua Semina ya Mfuatano. Wakiwa meza kuu, katikati ya utambulisho, kabla hajafika kwa wageni wa mkoani, alijishika tumbo akaanguka. Hakuna aliyemshika, kwa sababu aliyeketi jirani yake alikuwa wa cheo cha chini na hakutaka kumgusa kabla ya katibu tarafa. Katibu tarafa alikuwa amekwenda msalani.

Hospitali ya wilaya wakasema utumbo umejisokota, anahitaji kupasuliwa kwenye hospitali kubwa, leo, si kesho. Gari likawashwa. Mlinzi akaegemea kizuizi. Akaonyeshwa mgonjwa ni nani, naye akaonyesha waraka: hata awe nani.

Dereva wake ana mke masijala; alimpigia simu, na saa nne, nilipoingia na sinia, masijala yote ilikuwa inajua: Mkurugenzi yuko hoi, muuguzi anaandika barua. Hawakuwa na wasiwasi. Barua ya mtu kama yule itakuwa na neno "Mheshimiwa" mara saba, itakamatwa na nafasi ya pili, itatua mezani kwa waziri.

Niliweka sinia. Nikaenda mapokezi. Dada alikuwa amekwenda kwenye chapati zake. Nikatoa pakiti ya majani ya chai kifuani, nikainua macho kwenye fremu, nikaandika ufunguo. Halafu sanduku. Halafu nafasi ya kwanza.

Sikuandika Dharura. Niliandika Maombi.

Waliobaki niliwaacha kwenye viti vyao kama walivyopangwa na mwenyewe, Pongezi ya pili, Waheshimiwa ya tatu, na kuendelea mpaka Dharura, kumi na nne. Nikabonyeza. Nikatazama saa ya ukutani: saa tano kasoro robo. Siwezi kusema niliipanga. Nasema tu nilifurahi.

Barua ya muuguzi iliingia dakika sita baadaye. "Tunaomba kwa unyenyekevu, Mheshimiwa..." Neno la kwanza kabisa.

Niliwapelekea chai ya pili, nikakaa ofisini kwa waziri kwa kisingizio cha kufuta meza. Waziri alikuwa analitazama kapu la Waheshimiwa kwenye kioo cha kompyuta, na kapu lilikuwa tupu. Katibu wake akamwambia habari zimefika kwa dereva. Waziri akasema dereva si kapu. Katibu akauliza wafanyeje. Waziri akatafakari, akachovya andazi.

"Ingekuwa dharura kweli," akasema, "barua ingekuwa imeshafika."

Nikamwongezea chai. Sijawahi kumimina bila kudondosha hata tone kama siku ile.

Bwana Mkongoti alifariki Jumatano, kabla ya adhuhuri. Niliambiwa siku ya mwisho alikuwa anamuuliza kila anayeingia yeye ni wa ngapi. Hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa najua: wa kwanza. Barua yake ilikuwa ya kwanza kuingia Wakati Muafaka kupitia mlango wa mbele.

Wala sikumuua. Nilipanga mfuatano tu.

*

Iliundwa Tume ya watu saba. Vikao tisa vya mwanzo vilijadili nani akae kushoto kwa mwenyekiti. Kikao cha kumi waliiandikia Wizara: "Tunaomba kumbukumbu za sanduku." Barua ikaenda Wakati Muafaka. Waziri naye aliomba likizo, ikaenda huko huko. Jeshi liliomba viatu. Kwa wiki tano serikali nzima haikujibiwa na serikali, na hakuna mwananchi aliyeona tofauti.

Siku ya arobaini ya marehemu ilipopita, mjane wake alikuja ofisini. Bi Adelina, mama wa makamo, kitenge cheusi, simu mkononi. Hakuna aliyejua nani ampokee, kwa sababu cheo cha mjane wa mkurugenzi hakikuwa kwenye orodha, kwa hiyo wakamleta jikoni kwangu akae akingoja. Nikampa kikombe kizima, kisicho na ufa.

Akanionyesha simu. "Ndugu Mkongoti, barua yako imepokelewa na kupangwa kwa heshima zote." Macho yake yalikuwa mekundu kama yangu ya mwezi wa nne.

"Mzee wangu," akaniuliza, "huu wakati muafaka ni lini?"

Nikamwambia chai isipoe.

Alipoondoka, Tumpe aliingia. Alifunga mlango, akaketi kwenye kreti lile lile. Nilidhani amekuja kunipa mkono. Nikamtengea chai yake ya rangi. Hakuigusa. Alisema ameona agizo lilipotoka, na saa, na jina nililoliweka mbele, na jina nililoliacha nyuma. Alisema hatamwambia mtu. Akatoa karatasi, akaifungua juu ya sinia langu, katikati ya vikombe.

Alikuwa ameingia kwenye kapu la Wakati Muafaka, akahesabu barua zenye maneno "mgonjwa mahututi", kuanzia siku aliyoniandikia ile pakiti ya majani ya chai mpaka jana. Hakuweka majina. Tarakimu tu: mia tatu na sita.

Nikaanza kumweleza habari ya jiwe moja. Nilikuwa nimeisema vizuri sana kichwani miezi yote ile, lakini ilitoka imepinda. Akaningoja nimalize. Nikashika kitambaa, nikaanza kufuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu.

"Mimi niliogopa kazi yangu, na hilo nitakwenda nalo kaburini," akasema Tumpe. "Lakini wewe ufunguo ulikuwa nao, Mzee Chande, na mke mmoja wa kumlilia. Hawa mia tatu na sita walikuwa wake wa nani?"